Majina ya Kuazima

Jumapili moja jioni nilialikwa chakula katika nyumba moja ya Gongo la Mboto, si mbali na njia ya reli. Aliyenifungulia mlango alikuwa mama wa makamo, mvi zikichungulia chini ya kitambaa chake. Nikamwamkia, "Shikamoo, mama," naye akaitika. Mwenyeji wangu, kijana ambaye angeweza kuwa mwanawe wa tatu, akanikaribisha kwa furaha: "Karibu, mwalimu. Huyo ni hausigeli wetu." Hakukusudia ubaya, na hilo ndilo lililonisumbua.

Neno hilo tumelitwaa kwa Waingereza. Kwao "girl", hapo zamani, alikuwa mtoto yeyote, wa kiume au wa kike. Baadaye likabaki kwa wa kike peke yake, kisha likamfuata mpaka utu uzimani akiwa jikoni mwa watu. Na si hilo tu. "Mistress" alikuwa bibi mwenye nyumba, mwenye funguo na amri. Leo aghalabu maana yake ni hawara. "Hussy", tusi la mwanamke asiye na haya, limezaliwa na neno la mama wa nyumbani. Lakini "master", mwenziwe "mistress", hakuporomoka hata ngazi moja: hata shahada ya uzamili inaitwa kwa jina lake! Basi tunapoazima maneno ya namna hii, yamkini twaazima na dharau iliyokwisha kuingia ndani yake.

Msomaji atasema kwamba Kiswahili nacho hakina usafi wa malaika. Ni kweli. Mwanamume huoa, mwanamke huolewa, na mume atakayesema "nimeolewa" atachekwa mtaa mzima. Hata hivyo lugha yetu ina hazina moja ambayo Waingereza hawanayo: "yeye" hana jinsia, na mwalimu, daktari, mbunge na rais ni majina ya kazi tu. Hapana haja ya kumshonea mwanamke vazi jingine.

Kwa nini basi tumemshonea? Zamani tulisema Bibi Titi Mohamed kwa heshima kamili. Leo, huku bara, ukimwita binti wa miaka 25 bibi, atakuuliza kama amekuwa nyanya yako. Kiti kilipobaki kitupu, "madamu" akakikalia. Nenda katika shule nyingi za sekondari: mwalimu wa kiume ni mwalimu, wa kike ni madamu. Watoto hudhani wanamtukuza. Lakini "mwalimu" ndilo jina ambalo taifa hili lilimheshimu kwalo Julius Nyerere kuliko cheo chochote. Kumnyima mwanamke aliyesomea kazi ile ile, anayeshika chaki ile ile, si jambo dogo. Nawauliza walimu wenzangu wanaume: ni nani kati yetu aliyewahi kuwasahihisha wanafunzi?

Wako wasemao kwamba kubadili jina hakuongezi mshahara. Mama ntilie ameitwa mama lishe, na moshi wa kuni ungali machoni mwake. Nakubali, lakini hoja hiyo yapita haraka mno. Mtoto hadai mshahara; mtoto hupewa chakula, nguo na mahali pa kulala. Anayeitwa mtoto hadi uzeeni ni rahisi kulipwa kama mtoto, na mlipaji akalala usingizi mwema. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimjui geli, yamjua mwajiriwa. Kati ya majina hayo mawili kuna siku ya mapumziko na likizo.

Mama yule alipoleta maji ya kunawa, nilimwuliza jina lake. Kabla hajafumbua kinywa, mtoto wa nyumba, wa miaka minne hivi, akadakia: "Anaitwa dada."