Ukifowadi, Umetoa Ushahidi



Juni 2024 vijana wa Gen-Z waliuchukua Mswada wa Fedha wakaufafanua kwa video fupi za TikTok, wengine kwa lugha za nyumbani. Hawakuwa na mwenyekiti wala ofisi. Namba za wabunge zilisambazwa, simu zao zikajaa SMS. Michango ilipita kwa M-Pesa. Tarehe 25 waandamanaji wakaingia Bunge, na kesho yake Rais Ruto akakataa kutia sahihi.

Katiba, Kifungu cha 37, inaruhusu kuandamana kwa amani bila silaha. Kwa hivyo sitauliza kama Mkristo anaweza kusema. Nauliza hivi: jambo likiwa la haki, uongo unaolisaidia una ubaya gani?

Wengine husema, "Pastor, hata kama hiyo picha ni ya zamani, si watu waliuawa kweli?" Ndiyo, watu walikufa. Kufikia Julai 1, Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ilikuwa imehesabu 39. Ndiyo maana picha feki ni dhambi kwa hao waliokufa. Nilisomea biashara: risiti moja ya uongo ikipatikana, mkaguzi anatilia shaka faili nzima. Aliyeua naye anangoja tu hiyo risiti moja.

Sisi majirani wa Tsavo tunalijua hili. Ujumbe ukiingia kwa grupu kwamba ndovu wametoka upande wa Sagalla, watu hukimbia. Ukiwa uongo mara tatu, mara ya nne hakuna anayeinuka, na siku hiyo ndovu wako shambani kweli.

Soma Kutoka 23:1-2. Habari za uongo na kufuata umati katika uovu zimekatazwa pamoja. Kwa simu, kidole kimoja kinakufanya shahidi na umati papo hapo. Lakini soma pia Walawi 5:1: shahidi aliyeona akanyamaza, naye ana hatia.

Basi wiki hii, kabla hujafowadi, uliza: nani alipiga picha hii, wapi, lini? Ikiwa ni kweli, itume, hata kama inamgusa mheshimiwa anayeketi kiti cha mbele kanisani. Kama hujui, iache, hata kama inasaidia upande wako.