Uzito Uleule, Umbo Jingine: Anza Upya

Sikia, ewe unayeshindilia risasi zako mwenyewe. Nasema nawe uliyeko Marekani, ambako mtu huruhusiwa kuokota maganda yake kwenye uwanja wa shabaha, akayasafisha, akayatia fataki mpya na baruti mpya, akayarudisha kazini. Sisemi na aliyeko Tanga wala Nakuru. Kwetu silaha na risasi ni mambo ya leseni, na mwenye kujaribu kazi hii chumbani mwake anajitafutia polisi kabla hajajitafutia daktari. Lakini wewe mwenye mashine iliyofungwa bolti kwenye meza ya gereji, nina neno nawe. Umenunua vichwa vya risasi vya umbo jingine, na hukubadilisha kitu kingine chochote. Nakusihi, tua hicho kipimio cha baruti.

Najua utakavyojitetea. Utasema vya jana vilikuwa greni 124 na vya leo ni greni 124, basi na baruti iwe ileile. Ndugu yangu, hapo ndipo wengi wanapoponzwa! Mizani haina macho. Itakupa uzito, kama gramu 8 hivi, na itanyamaza. Haitakuambia kwamba kichwa cha jana kilikuwa cha mviringo na kimejaa, na cha leo kina tundu puani. Madini yaliyotolewa puani yamekwenda wapi, kama uzito haukupungua? Yamerudi nyuma. Kichwa kimerefuka. Na kama umenunua vile vya shaba tupu, visivyo na madini ya risasi ndani, vitarefuka zaidi, kwa kuwa sentimita moja ya ujazo ya shaba ina gramu 9 tu, na ya madini ya risasi ina gramu 11 na ziada.

Sasa chukua kalamu, maana imani bila hesabu kwenye meza hii ni hatari. Tuitazame bastola ya milimita 9, risasi ile ya Georg Luger iliyodumu zaidi ya karne. Ganda lake lina urefu wa milimita 19.15. Tuseme, kwa mfano, kichwa cha jana kilikuwa na urefu wa milimita 14, nawe ukaishindilia risasi nzima ikatimia milimita 29. Jumlisha ganda na kichwa, toa urefu wa risasi nzima: kichwa kimezama ndani ya ganda milimita 4.15. Kichwa cha leo kina milimita 15.5. Ukiacha risasi nzima katika milimita 29 zilezile, kimezama milimita 5.65. Milimita moja na nusu! Utasema ni kitu gani hicho? Ganda zima, likiwa tupu, lina ujazo usiofika sentimita moja ya ujazo. Ukitoa nafasi iliyokaliwa na kichwa, hiyo milimita na nusu imekunyang'anya takriban sehemu moja ya sita ya chumba kilichobaki. Baruti ni ileile, chumba kimebanwa, na moto hauombi radhi.

Kitabu cha watengenezaji Speer kimewahi kutoa jaribio linalotajwa sana na wapakiaji. Walichukua risasi za milimita 9 zenye presha ya 28,000, kwa kile kipimo cha zamani cha kuponda kipande cha shaba, wakavizamisha vichwa makusudi zaidi kwa inchi 0.030, yaani robo tatu za milimita. Presha ikaruka hadi 62,000. Baruti haikuongezwa hata punje. Soma tena sentensi hiyo, kisha utazame mkono wako unaoshika bastola.

Wako watakaokimbilia upande wa pili: “Basi nitaiacha risasi iwe ndefu.” Nao nawaonya. SAAMI, taasisi ya viwango vya risasi huko Marekani, imeweka milimita 29.69 kuwa ukomo wa urefu wa risasi hii. Ni dari. Wangapi wameigeuza ikawa shabaha! Urefu hupimwa kwenye ncha, lakini kinachogusa mifuo ya ndani ya mtutu si ncha, ni bega. Kichwa chenye pua bapa na mabega mapana hufika kwenye mifuo mapema kuliko kile cha mviringo, hata kama risasi zote mbili zinalingana kwenye kalipa. Risasi ikisukumwa ikabana pale kabla haijafyatuliwa, presha inapanda tena, au bastola inakataa kufunga.

Dawa yake haigharimu senti. Tengeneza risasi ya majaribio isiyo na baruti wala fataki. Fungua bastola yako, baada ya kuhakikisha haina kitu, utoe mtutu, uusimamishe mdomo ukitazama chini. Idondoshe ile risasi ndani. Usikie inatua, “tok”, sauti kavu ya chuma kwa chuma. Izungushe kwa kidole: izunguke bila kukwaruza. Geuza mtutu: idondoke yenyewe. Ikishikwa, basi risasi hiyo ni ndefu mno kwa mtutu huo, hata kama kwa bastola ya jirani inaingia. Ifupishe kidogo, jaribu tena, na ukishapata urefu, rudi kwenye hesabu ya kuzama kwa kichwa. Mambo haya mawili hayatengani.

Na mashine, je, umeigusa? Ile ncha ya kusukumia ndani ya dai, kile kifaa cha mashine kinachozamisha kichwa kwenye ganda, imechongwa ifuate pua fulani. Ukiweka pua bapa chini ya ncha ya pua mviringo, inaigusa mahali pengine, na kila risasi inatoka na urefu wake. Tazama puani: ukiona pete imejichora kwenye madini, dai yako inakulilia. Irekebishe kabla ya kutengeneza ya pili.

Wenye rivolva msijione mmepona. Kile kichwa cha .38 Special cha greni 148, chenye umbo la kopo, kimewapendeza wapiga shabaha kwa vizazi kwa sababu hutoboa karatasi tundu safi. Lakini huzama karibu chote ndani ya ganda, na kile chenye tako lenye shimo kinataka baruti kidogo. Ukikipa ya kichwa kigumu, pua inaweza kung'oka ikatoka, sketi ya lile tako ikabaki ndani ya mtutu. Risasi inayofuata itaikuta pale. Usiniambie ajali haina kinga. Hii ina kinga!

Kinga ni kitabu cha mtengenezaji wa kichwa hichohicho unachokishika, si cha binamu yake, wala kipimo alichokutumia shemeji kwa simu. Kama kitabu hakitaji umbo lako, usikisie: muulize mtengenezaji, kuuliza si ujinga. Anzia kipimo cha chini, risasi chache, upande taratibu ukikagua maganda. Mwenye kuanzia kipimo cha juu kwa sababu ana uzoefu, uzoefu wake ni wa kichwa kingine.

Na lile kopo lililoko rafuni, la risasi zilizochanganyika, zisizo na karatasi ya kueleza ni kichwa gani, baruti gani, urefu gani: usilipeleke uwanjani Jumamosi hii. Chukua nyundo ya kung'olea vichwa, uzing'oe moja moja, baruti uitupe, maganda uyahifadhi. Fanya hivyo usiku wa leo.