Nyumba ya Mwenye Haraka



Katika parokia zetu za Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, waaminifu hawaachi kuja kuomba maombi kwa sababu wanauza lupango na nyumba. Mmoja ana mgonjwa hospitalini, mwingine amehamishwa kazi, mwingine baba amekufa na watoto wanataka kugawana. Wote wanasema neno moja: usingizi umekwenda. Tunawaombea, na tunafanya vizuri. Lakini mara nyingi tunaomba tu kwamba mnunuzi apatikane upesi, wala hatujiulizi atakuwa nani na atakuja na moyo gani. Pengine mnunuzi huyo ni mmoja wetu, amekaa benchi la nyuma, naye pia anajibu Amina.

Swali letu ndilo hili: mtu anayelazimika kuhama akikubali bei, je, amekubali kweli?

Sokoni jibu ni jepesi. Muuzaji alitaja bei, akapunguza, wakapeana mikono, mashahidi wakatia sahihi, komisioneri akachukua fungu lake. Hakuna aliyeibiwa. (Sheria yenyewe ina neno la kutunyenyekeza sote: tangu sheria ya ardhi ya 20 Julai 1973, udongo wa inchi yetu ni mali ya Serikali, sisi tunauziana haki ya kuutumia na kile tulichojenga juu yake. Katika Walawi 25 Musa alikwisha kufundisha jambo la jamaa hiyo, ila mwenye udongo pale ni Mungu mwenyewe.)

Lakini tumfuate muuzaji mpaka nyumbani kwake. Juma la kwanza anajua bei yake, kwa maana anajua jirani aliuza kwa kiasi gani. Watu wanakuja, wanagonga ukuta kwa vidole, wanatazama mabati, wanasema choo ni kibaya, barabara ni mbali, wanakwenda. Mama wa nyumba anaanza kuona aibu kwa nyumba aliyokuwa akiifagia kila asubuhi kwa furaha. Watoto wanauliza kama mwaka ujao watabaki katika shule ile ile, na hakuna anayewajibu. Juma la tatu mgonjwa amepona, lakini hospitali haimruhusu kutoka kabla ya deni kulipwa, na kila siku ya kungoja inaongeza deni. Baba na mama wanagombana usiku kwa sauti ya chini. Juma la tano anarudi yule aliyekuja wa kwanza kabisa. Hakutukana, hakudanganya, hakutisha. Alingoja tu. Siku zilimfanyia kazi yake. Sasa anatoa nusu, na nusu inapokelewa.

Huyu ndiye mtu tunayemhofia kuliko mwizi. Mwizi anajua kwamba ameiba. Huyu atakuja kanisani kutoa shukrani kwa ajili ya baraka ya nyumba, na sisi tutamwimbia.

Katika Katanga tunalijua jambo hili kwa ukubwa wake. Miaka ya 1992 na 1993, ndugu zetu wenye asili ya Kasai walipofukuzwa, watu walilala kituoni Likasi wakingoja treni pamoja na watoto na mizigo. Nyumba nyingi ziliachwa; nyingine ziliuzwa kwa bei ya kutupa, kwa sababu treni haingoji bei nzuri. Hatusemi hivi ili kufungua kidonda. Lakini nyumba zile zina watu ndani mpaka leo, na baadhi yao wanasali.

Sasa tusome Yeremia 32. Jeshi la Babeli limezunguka Yerusalema, nabii mwenyewe amefungwa katika uwanja wa walinzi, na Hanameli mwana wa mjomba wake anakuja kumwuzia shamba la Anathothi. Nani angenunua shamba wakati adui amekwisha kuingia katika inchi? Kama kuna muuzaji aliyekuwa bila nguvu ya kushindana bei, ni huyu. Yeremia alipima shekeli 17 za feza, akaandika hati, akaweka mashahidi, akaagiza hati itiwe ndani ya chombo cha udongo ipate kudumu. Hakungoja mpaka Hanameli awe na njaa zaidi.

Wengine watatujibu: mnasema vizuri, lakini kama yule wa nusu bei asingekuja, mgonjwa angebaki hospitalini. Ni kweli. Kununua kwa mwenye shida si zambi, na mara nyingine ni kumwokoa. Tena mnunuzi naye anaweza kuwa maskini, hana zaidi ya kile alichokusanya kwa miaka kumi. Tofauti hatuioni katika hesabu ya dola peke yake. Tunaiona katika kile alichokijua na kukificha, na katika muda aliompa mwenzake wa kufunga mizigo kwa heshima. Torati iliruhusu aliyeuza nyumba ndani ya mji wenye ukuta kuikomboa kabla ya mwaka kutimia. Nani kati yetu aliwahi kuweka neno kama hilo katika mapatano yake?

Na muuzaji pia ana hukumu yake. Kuna anayeuza kiwanja kimoja kwa watu wawili. Kuna kaka wanaoiuza nyumba ya marehemu huku mjane angali na nguo za kilio, wakati Sheria ya Jamaa ya mwaka 1987 inamwachia haki ya kuitumia nyumba aliyoishi na mumewe, na kuwaweka watoto kuwa warithi wa kwanza. Pale mwenye haraka ni wajomba na kaka, na mwenye kuhama ni mwingine.

Sisi Wakimbanguisti tungepaswa kuwa wa kwanza kuelewa. Baba zetu walihamishwa kwa nguvu tangu 1921. Hesabu inayotajwa katika Kanisa letu ni jamaa 37,000. Waliacha nyumba na mashamba, wakapelekwa mbali, hata Lowa. Papa Simon Kimbangu mwenyewe alifungwa hapa Elisabethville mpaka kufa kwake, 12 Oktoba 1951. Watoto wa watu wale hawawezi kumtazama mama anayetoa vitanda nje na kusema tu kwamba biashara ni biashara.

Tuseme wazi. Tunajua kufanya nsinsani. Kwa nsinsani na kwa mikono ya waaminifu tulijenga hekalu la Nkamba lililofunguliwa 6 Aprili 1981, na tunajenga bado. Parokia inayoweza kukusanya kwa ajili ya mabati inaweza kukusanya mkopo wa kulipa deni la hospitali, ili mwaminifu auze kwa miezi sita badala ya siku sita, au asiuze kabisa. Wazee wa feza watauliza: asiporudisha? Wengine hawatarudisha, tunalijua hilo. Lakini wapange kiasi wanachoweza kupoteza, waandike, na mashemasi wajulishwe shida ya jamaa kabla ya komisioneri kujulishwa. Na siku ya kuhama, wababa wenye nguvu wafike na mkokoteni asubuhi, mchana kweupe, ili jamaa ile isihame usiku kwa haya.