Tutaulizwa hata juu ya glasi ya maji

Siku chache baada ya Idi, kijana mmoja wa mtaani kwetu alinifuata msikitini baada ya swala ya Alasiri akiwa na picha aliyoifunga kwenye kanga. Ameichora mwenyewe kwa rangi za mafuta. Ndani yake kuna mbuzi ya kukunia nazi, sufuria lenye masizi na kikombe cha bati, vitu vya marehemu mama yake. Hakuna zaidi. Alikuwa ameitundika sebuleni, mjomba wake akaja akaiteremsha akisema Malaika hawaingii nyumba yenye picha. Mama yake mdogo hakuona haramu yoyote, ila aliuliza kwa nini mtu mzima apoteze miezi miwili kuchora sufuria wakati sufuria lenyewe lipo jikoni.

Hoja ya mjomba ndiyo nyepesi. Imepokewa katika Sahihi Bukhari kwamba mtu mmoja alimwendea Ibn Abbas (RA) akamweleza kuwa riziki yake inatokana na kuchora picha. Ibn Abbas alipomsimulia onyo la Mtume (SAW) juu ya wachoraji, yule mtu alishusha pumzi na uso ukambadilika. Ndipo akamwelekeza kwamba kama hana budi, basi achore miti na kila kisicho na roho. Mujahid amenukuliwa akichukia hata mti wenye matunda, lakini wanazuoni hawakumfuata katika hilo. Na mbuzi ya nazi, licha ya jina lake, haina roho.

Hoja ya mama mdogo ndiyo nzito, na si yeye wa kwanza kuitoa. Huko Ufaransa katika karne ya 17, Akademia ya Kifalme ya Uchoraji ilizipanga picha kwa madaraja, juu kabisa zikiwa za historia na mashujaa, chini kabisa za matunda na vyombo. Waholanzi wa karne hiyo hiyo, matajiri wa biashara ya baharini, wao walizipenda mno. Willem Kalf alichora mabakuli ya Kichina, limau zilizomenywa nusu na vyombo vya fedha juu ya mazulia ya Mashariki. Wengine waliongeza fuvu la kichwa, saa na mshumaa uliozimika, ili mwenye nyumba akumbuke mauti. Akumbuke mauti huku akiitazama fedha yake! Nakiri kwamba mawaidha ya picha hizo sijawahi kuyaamini sana. Nayaona kama lile kabati la vyombo la sebuleni kwetu, lenye vikombe ambavyo hata mgeni hanyweshewi, likawekewa fuvu juu yake.

Jean Siméon Chardin, aliyezaliwa Paris mwaka 1699 na kufariki mwaka 1779, ni habari nyingine. Huyu alikuwa mtoto wa seremala. Picha yake moja ya mwaka 1761 hivi, iliyopo leo katika jumba la makumbusho la Carnegie mjini Pittsburgh, Marekani, ina glasi ya maji, birika la kahawa na vitunguu saumu. Basi. Ni ndogo, haifiki nusu mita kwa upana. Hakuna fedha wala fuvu, hakuna wa kujionyesha. Ukiitazama unaona mwanga unavyopita kwenye maji, na unakumbuka kuwa maji hayo hayo uliyanywa asubuhi bila hata kuyaangalia. Hili ndilo lilikuwa jibu langu la kwanza kwa mama mdogo: sufuria lipo jikoni kweli, lakini nani analiona?

Baadaye niliona halitoshi. Kahawa ya birika lile ilitoka wapi? Picha haisemi. Tunachojua ni kuwa Paris ya wakati ule ilikunywa kahawa ya Yemen iliyopitia bandari ya Mokha, na pia kahawa ya mashamba ya watumwa katika makoloni ya Ufaransa, kikiwemo kisiwa cha Bourbon, ambacho leo kinaitwa Réunion. Mwaka 1776, Chardin akiwa bado hai, mfanyabiashara wa Kifaransa aitwaye Morice aliwekeana mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupatiwa watumwa 1,000 kila mwaka. Sultani Mwislamu, katika pwani yetu hii! Sisemi kwamba kahawa ya kwenye picha ilichumwa na mtu wa Kilwa. Picha ilikwishachorwa miaka 15 kabla. Nasema kwamba chombo kinaweza kuchorwa kwa ukweli wote wa rangi na mwanga, na bado kikanyamaza juu ya mikono iliyokijaza.

Sura ya At-Takaathur inamalizika kwa kutuambia kuwa tutaulizwa juu ya neema. Na katika Sahihi Muslim imepokewa kwamba Mtume (SAW), Abubakar na Umar (RA) walitoka majumbani mwao kwa njaa, wakakaribishwa na Answari mmoja kwa tende, nyama na maji. Waliposhiba, Mtume akawaambia kuwa neema ile nayo wataulizwa. Tende na maji, msomaji, si kasri. Mimi naelewa kuwa swali hilo haliishii kwenye kushukuru uzuri wa maji. Linakwenda hadi yalikufikiaje, na aliyekuletea ulimlipa nini.

Kwa hiyo nilimuuliza yule kijana: hii mbuzi, nani alikuwa akiikalia?

Alifikiri kwanza. Zamani mama, akasema. Lakini miaka minne ya mwisho, mama akiwa mgonjwa, ni binti wa kazi. Mama alipofariki na watu wa matanga kutawanyika, binti naye alipewa nauli akaondoka. Kulikuwa na mshahara wa miezi saba ambao haukuzungumzwa. Mirathi ikagawanywa, na msimamizi alikuwa mjomba yule yule aliyeiteremsha picha. Kwamba deni la marehemu hutangulia mgao, mjomba analijua. Ile hadithi ya kumlipa mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka, sote tunaijua kwa moyo. Kijana aliniambia kuwa alitumia wiki tatu kuchora mikwaruzo ya kile kiti cha mbuzi, na yule binti hakumpitia akilini hata mara moja.

Ijumaa iliyopita alikuja kunieleza kuwa amepata namba ya simu ya kaka wa binti huyo, na kwamba mjomba ameitwa kwenye kikao cha familia. Picha bado iko kwangu, imeegemea ukuta, ndani ya kanga yake.