Heshima ya Bega

Hapana mshono mwepesi kuliko wa gauni lisilo na mikono wala mikanda ya mabegani. Mwanamke wa Tunduma anunuaye kitenge cha yadi mbili hana haja ya fundi. Hupima kifua chake kwa utepe, huongeza nusu ya kipimo hicho, kisha hukata: kifua cha sentimeta 90 hudai kitambaa cha sentimeta 135. Upana wa kitenge, kadiri ya sentimeta 115, ndio huwa urefu wa gauni, toka makwapani hata chini ya magoti. Mshono mmoja huziunganisha ncha mbili. Pindo la juu huachiwa tundu. Mpira mfupi kidogo kuliko kifua hupitishwa humo kwa pini, ncha zake hushonwa pamoja, na tundu huzibwa. Cherehani ya mkono hulimaliza kabla ya ugali wa mchana kusongwa. Ni vazi la joto la Oktoba katika bonde la Kamsamba. Katika baridi ya Juni huko Mbozi, alivaaye bila sweta hutafuta mafua.

Swali huzaliwa gauni likiisha kushonwa. Mwanamke huyo huyo alikuwa akijifunga kitenge hicho hicho kifuani huku akifagia uwanja na kubembeleza mtoto. Mabega yake yalikuwa wazi vile vile, na jirani aliyepita alimwamkia kwa adabu. Kitenge kikitiwa uzi na mpira, kikavaliwa hadi stendi, husemwa kuwa ni uchi. Kilichofichwa mwilini hakikupungua hata upana wa kidole. Basi kilichopungua ni nini?

Wengi hujibu kwamba ni mahali: uani si njiani. Jibu hili lina haki yake, walakini halitoshi, maana mahali hapasemi. Wasemao ni watu, nao hawakulisoma bega kwa namna moja siku zote. Katika pwani ya Waswahili ya karne ya 19, mjakazi alijifunga merikani au kaniki chini ya makwapa, na bega lake wazi lilikuwa tangazo kwamba ana bwana. Hali ya utumwa ilipofutwa kisheria Unguja mwaka 1897, wanawake wengi waliokuwa watumwa walijitwalia kanga, moja ya kujifunga na moja ya kujitanda kichwani na mabegani. Hawakuamriwa na mtu. Bega ambalo jana lilikuwa wazi kwa amri ya bwana, leo lilifunikwa kwa hiari ya mwenye bega. Atazamaye kitambaa peke yake ataona kwamba nguo imeongezeka. Kilichoongezeka zaidi ni hiari.

Walakini hiari hiyo imekuwa na wapimaji wengi. Mwezi wa Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana dhidi ya sketi fupi, suruali za kubana, mawigi na dawa za kujichubua, ianze tarehe 1 Januari 1969. Na kabla ya siku hiyo kufika wanawake walikuwa wamekwisha kushambuliwa katika njia za Dar es Salaam. Mkoa wa Songwe, uliotengwa na Mbeya mwaka 2016, wapakana na Zambia na pia na Malawi. Ng'ambo hiyo ya pili, sheria ya mavazi ya mwaka 1973 iliwakataza wanawake suruali na nguo zilizoonyesha magoti, hata ikafutwa katika miaka ya 1990. Sheria ile ilipima toka chini kwenda juu. Gauni la kitenge lifikalo chini ya magoti lingalipita salama mbele ya rula yake, na mabega yake wazi yakapita pamoja nalo!

Haifai kusema kwamba vazi ni shauri la mvaaji tu. Vazi ni neno, na neno lina wasikiaji. Aendaye matangani mabega wazi huku wengine wamejifunga vitenge kwa huzuni huwanyima wafiwa kitu walichostahili kupewa. Hilo ni deni la kweli. Lakini adabu ni deni la namna ya pekee: mdaiwa akilipa kwa moyo wake, limelipwa, mdai akilinyang'anya kwa mikono, amepata nguo, hakupata adabu. Januari 2012 wachuuzi wa Lilongwe waliwavua wanawake kwa sababu ya suruali na sketi fupi, ingawa sheria ile ilikuwa imekwisha kufa. Novemba 2014 wanawake wa Nairobi waliandamana baada ya mwenzao kuvuliwa nguo hadharani kituoni. Amvuaye mtu nguo ili kuilinda heshima ya nguo ameikana hoja yake kwa mkono wake mwenyewe, wala hahitaji mpinzani.

Yadi mbili ni kadiri ya sentimeta 183. Gauni likiisha kuchukua 135, husalia kipande cha sentimeta 48. Washonaji wengine hukikata mikanda miwili na kuishona kifuani na mgongoni. Wengine hukiacha kizima, hukipiga pindo, na hujitanda mabegani wavukapo barabara kwenda sokoni, kisha hukikunja kikapuni warudipo. Wako pia wakifanyao kilemba, na mabega wakayaachia jua.