Nusu Isiyoulizwa

Mwaka 1978 watafiti wawili wa Italia, Edoardo Bisiach na Claudio Luzzatti, walichapisha habari za wagonjwa wawili wa Milano waliodhurika upande wa kulia wa ubongo. Waliwaomba wajione wamesimama katika uwanja wa Duomo, wakilielekea kanisa kuu, wataje kilichopo. Wakataja majengo ya mkono wa kulia. Ya kushoto karibu yote wakayaacha. Kisha wakaombwa wajione wamesimama mlangoni pa kanisa, wakitazama upande wa pili. Majengo yaliyoachwa yakatajwa, na yaliyotajwa mwanzo yakaachwa.

Kasoro ya macho haiwezi kueleza jambo hili, maana uwanja ulikuwa kichwani tu. Wala si usahaulifu. Uwanja mzima walikuwa nao, ila popote waliposimama, nusu yake haikuulizwa.

Kiharusi cha upande wa kulia wa ubongo mara nyingi huacha hali hii. Mgonjwa hula wali wa upande mmoja wa sahani, akalalamika kwamba amepakuliwa kidogo. Hunyoa shavu moja. Ndugu hudhani ni ukaidi, wakamwambia, “Baba, geuka huku.” Hugeuka, na punde hurudi alikokuwa. Aliyepofuka anajua kuna nuru asiyoipata. Huyu hana giza lolote. Kwake dunia imekamilika, na hapo ndipo ugonjwa unaponitisha: umechukua kitu pamoja na pengo lake.

Katika mazungumzo ya Plato, Meno alimuuliza Socrates mtu atakitafutaje asichokijua kabisa. Nimezoea kulisoma swali hilo kama fumbo la wanafunzi wa falsafa. Kwa mgonjwa huyu ni swali la chakula cha mchana. Kumhimiza ajitahidi hakutoshi, kwa kuwa juhudi huelekea kule ambako mtu tayari anajua kuna kitu. Lazima kitu kimwite kutoka upande ule.

Ndiyo maana michezo ya kompyuta inayoongozwa kwa macho inanigusa kuliko mashine nyingi za hospitali. Kamera humulika jicho kwa mwanga wa infraredi, ikalinganisha mng’ao wa mwanga huo juu ya jicho na mahali ilipo mboni, na kompyuta ikakadiria mtazamo umetua wapi. Mtu asiyeweza kuinua mkono hutazama puto, nalo likapasuka. Mtaalamu anaweza kuanza na maputo ya kulia, ambako mgonjwa anaona, kisha kuyasogeza kushoto kidogo kidogo. Mgonjwa hafuati amri. Anafuata puto, na kwa kulifuata amefika mahali ambapo hakujua kwamba papo. Si muujiza. Kazi ngumu ni kuuhamisha ustadi huo kutoka kwenye skrini hadi mezani, kwenye ngazi na barabarani.

Lakini jicho halikuumbwa kuwa mkono. Likifanywa mkono, kila mtazamo unakuwa tendo, na mtu hana tena pa kuangaza macho bila kusababisha jambo. Wahandisi huita hali hiyo tatizo la Midas, mfalme wa ngano ambaye kila alichogusa kiligeuka dhahabu. Dawa yao mojawapo ni kuifundisha mashine kungoja: mtazamo ukipita, isifanye kitu; ukitulia, itende. Kungoja huko si ufundi mtupu. Kunakubali kwamba mtu anaweza kutazama bila kutaka, na kwamba nia yake inastahili muda wa kujitokeza.

Jean-Dominique Bauby, mhariri Mfaransa aliyepigwa na kiharusi mwaka 1995, alipata mtu wa kumngoja hivyo. Alikuwa amebakiwa na ukope wa kushoto tu wa kuzungumza nao. Claude Mendibil alimsomea herufi moja moja, naye akakonyeza alipoitaka, hadi kikapatikana kitabu, kilichotoka mwaka 1997. Bauby alijua barabara alichokipoteza, tofauti na wale wa Milano, lakini wote walihitaji mtu wa kukaa nao mahali ambapo peke yao wasingefika.

Wageni wodini huvuta kiti upande ambao mgonjwa aliyepoteza kushoto anawajibu, yaani wa kulia. Inaeleweka, nani asiyetaka kujibiwa? Ningependa mmoja wao aanzie hapo, amsalimu, kisha akisogeze kiti kushoto taratibu huku akiendelea kuzungumza, anyamaze kidogo, amwite tena kwa jina, angoje.