Pokea Upungufu Wako, Usipokee Dhambi Yako

Wajukuu zangu wa Mnero, nanyi mliotawanyika Ruangwa, Lindi mpaka Dar es Salaam kutafuta riziki, nisikilizeni. Mvi hizi nimezipata kwa jua na mvua, na lipo neno moja sitaki nizikwe nalo.

Mimi nina kigugumizi tangu utotoni. Nilipokuwa kijana nilitamani sana kusoma masomo ya Misa, na Jumapili moja nikapewa nafasi. Nikafika kwenye neno "Bwana" nikakwama. Midomo imefungana, jasho linanitiririka shingoni, wanakwaya wameinamisha vichwa wasinione. Tangu siku hiyo nilikaa benchi la nyuma karibu na mlango, ili Misa ikiisha niwe wa kwanza kutoka. Nilimnung'unikia Mungu kimoyomoyo kwa muda mrefu.

Aliyenitoa kwenye lile benchi ni katekista mzee, sasa ni marehemu. Alinichukua twende kumwona mgonjwa hospitalini hapa Mnero, akanikabidhi kikombe cha uji na kijiko. Mgonjwa alikuwa akimeza polepole, nami nikasubiri. Hakuna aliyetaka niseme lolote. Nilirudi wiki iliyofuata, na iliyofuata tena, na huko ndiko nilikojifunza kusali. Hata Musa alikuwa mzito wa kusema, Mungu akamwekea Haruni kando yake. Hakumponya ulimi, na hakumwondolea kazi.

Lakini msije mkaishia hapo. Nilikuwa na kasoro ya pili, hasira, nami niliitia katika kapu moja na kigugumizi. Nilikuwa nikisema: "Ndivyo nilivyoumbwa, hata baba alikuwa hivi hivi." Siku moja mbuzi waliingia shamba la ufuta, nikampiga mwanangu aliyekuwa akiwachunga, nikapitiliza. Kwa muda mrefu alikuwa akinipa shikamoo huku anatazama chini. Bibi yenu akaniambia jambo ambalo sijalisahau: "Kigugumizi hukukichagua. Hii hasira unaichagua kila siku."

Wajukuu zangu, pambanueni mambo hayo mawili. Akili nzito, mwili dhaifu, sura uliyopewa, nyumba maskini ulimozaliwa, hayo si dhambi wala si aibu. Uvivu, uongo, ulevi, uzinzi na ukali wa kuumiza wenzio si maumbile. Anayeona haya kwa yale ya kwanza atajitesa bure, na anayejisamehe yale ya pili ataangamia huku akijiita mkweli.

Kuhusu kupokea upungufu, ardhi yetu imeshatoa somo juu ya kutojua mipaka. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mradi mkubwa wa karanga Kongwa, Urambo na hapa Nachingwea. Walipanga kulima zaidi ya ekari milioni 3 kabla hawajaujua vizuri udongo wala mvua. Wakaleta matrekta, wakajenga reli kutoka Mtwara. Ilipofika Januari 1951 mradi ulitangazwa kufa, umekula takriban pauni milioni 36, na baadaye hata reli ikang'olewa. Nguvu walikuwa nazo na fedha walikuwa nazo. Walikosa unyenyekevu wa kuuliza ardhi ile inaweza nini. Nami naona vijana wakiishi hivyo hivyo: malipo ya mnada wa korosho hayajaingia, wameshakopa fedha za pikipiki na harusi ya kifahari ili wafanane na mtu waliyemwona kwenye simu.

Na kuhusu kuacha dhambi, tazameni mkorosho. Mkorosho mzee usiozaa vizuri, mtaalamu wa kilimo haung'oi. Anaukata, anasubiri machipukizi, kisha anayabebesha vikonyo vya mkorosho bora. Shina linabaki lile lile, mizizi ile ile, kovu la kukatwa linaonekana, lakini korosho ni mpya. Hata baada ya hapo lazima upulizie salfa kila msimu wa maua, ukizembea ugonjwa wa ubwiriunga unarudi. Hasira yangu niliitibu hivyo: kuungama, kumwomba mwanangu msamaha ana kwa ana, kunyamaza na kutoka nje damu inapochemka. Nimeanguka mara nyingi, nikaanza upya. Kigugumizi ninacho mpaka leo, lakini mwanangu huja jioni tukakaa pamoja barazani.

Basi kila mmoja wenu leo usiku, awe amesali rozari au ameswali Isha, ajiulize maswali mawili. Ni jambo gani nililoumbwa nalo ambalo nimelionea haya bure? Ni dhambi gani ninayoificha chini ya jina la maumbile? Kwa lile la kwanza mshukuru Mungu, kisha utafute kazi unayoiweza uifanye kwa moyo. La pili anza kulishughulikia kesho asubuhi, kwa kumwendea mtu uliyemkosea. Msingoje mpaka mzeeke kama mimi. Mwanangu alikua akiniogopa, na miaka ile hakuna awezaye kunirudishia.